Ahadi Ilipoingia Daftarini

Mwaka 1875 kampuni ya American Express, ambayo zama hizo haikuwa na habari ya kadi za malipo bali ilikuwa ikisafirisha vifurushi, fedha na amana za watu kwa magari ya farasi na kwa garimoshi, ilipitisha azimio lililokuwa geni katika nchi ya Marekani: kwamba mtumishi wake aliyetimiza umri wa miaka 60, akawa ametumika miaka 20, na nguvu zikamwishia, aweza kupewa kila mwaka nusu ya wastani wa mshahara wake wa miaka 10 ya mwisho, mradi malipo hayo yasizidi dola 500. Lakini meneja ndiye aliyependekeza jina, na kamati ya wakuu ndiyo iliyokubali au kukataa. Malipo yale hayakuwa haki ya mtumishi, yalikuwa ihsani ya kampuni, na aliyenyimwa hakuwa na mlango wa kubisha.

Kampuni za reli zilifuata nyayo hizo, kwanza Baltimore and Ohio mwaka 1880, kisha Pennsylvania Railroad mwaka 1900, ambayo iliweka kanuni iliyoigwa na wengi: mtumishi aondoke kazini akifika miaka 70, naye apewe, kwa kila mwaka aliotumika, asilimia moja ya wastani wa mshahara wake wa miaka 10 ya mwisho. Isidhaniwe kuwa huruma peke yake ndiyo iliyonena. Mzee wa miaka 75 aliyekabidhiwa breki za garimoshi ni hatari kwa abiria, na kumtupa barabarani baada ya utumishi wa miaka 40 ni fedheha. Pensheni ilimwondoa kwa heshima, na juu ya hayo ilimfunga kijana aliyebaki nyuma yake, maana aliyegoma au kuhamia kwa tajiri mwingine aliliacha tumaini la uzee wake pale pale alipoondoka.

Sheria nayo ilikuwa upande wa mtoaji. Mwaka 1898 mahakama ya New York iliamua, katika kesi dhidi ya kampuni ya Solvay Process, kwamba fungu la pensheni lililoandikwa kwa jina la mfanyakazi ni zawadi, na zawadi haiwi mali ya mtu mpaka amekabidhiwa. Basi mhasibu wa zama zile angeandika nini? Kwa kuwa hapakuwa na deni mbele ya sheria, hapakuwa na deni daftarini. Aliandika gharama siku fedha zilipotoka sandukuni, si siku moja kabla yake. Kampuni yaweza kuwa na wazee 1,000 wanaongoja na vijana 10,000 wanaotumaini, na mizania yake isiwe na mstari hata mmoja unaowataja.

Waswahili husema ahadi ni deni, wala hawakuhitaji chuo cha uhasibu kulijua hilo. Wahasibu wa Marekani na Uingereza walilazimika kupita karne nzima ya majuto ya watu wengine kabla ya kulikubali, na historia ya safari hiyo, ambayo yagusa pensheni, mikataba ya kukodi mali na kesi zilizo mahakamani, si historia kavu kama ionekanavyo kwa mbali. Kila kifungu cha kanuni zao kina watu nyuma yake walioumia kwanza.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoigeuza ihsani kuwa mkataba. Serikali ilizuia mishahara isipande, kodi ya faida ikawa kubwa, na waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakaona njia iliyo wazi ni kuahidi malipo ya uzeeni, ambayo hayakuhesabiwa kuwa mshahara. Baada ya vita vyama vya wafanyakazi vikadai kuketi mezani. Mwaka 1948 mahakama ya rufani, katika shauri la kampuni ya Inland Steel, iliamua kwamba pensheni ni jambo ambalo mwajiri hana budi kujadiliana na chama. Mwaka 1949 wafanyakazi wa chuma wakagoma kwa ajili yake. Na mwaka 1950 General Motors ikatia saini mkataba mkubwa na chama cha wafanyakazi wa magari, ulioigwa na viwanda vingi. Toka hapo hakuna aliyeweza kusema kwa dhamiri safi kwamba pensheni ni sadaka. Walakini daftari lilibaki kama lilivyokuwa.

Katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, palikuwa na kiwanda cha Studebaker, kilichoanza mwaka 1852 kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi na kuishia kutengeneza motokaa. Mkataba wake wa pensheni uliboreshwa mara kadhaa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kila ulipoboreshwa, nyongeza ilihesabiwa hata kwa miaka ambayo mfanyakazi alikwisha kuitumikia. Kwa hiyo deni lilikua kwa saini moja, ilhali fedha za kulilipa zilipangwa kuingizwa mfukoni kidogo kidogo kwa muda wa miaka 30. Huo ulikuwa mwenendo wa kawaida, nao una mantiki maadamu kiwanda kitadumu miaka 30.

Kiwanda hakikudumu. Desemba 1963 Studebaker ilifunga milango ya South Bend. Mfuko wa pensheni ulipofunguliwa, wale takriban 3,600 waliokwisha kustaafu au waliofika miaka 60 walipata haki yao kamili. Wale takriban 4,000 waliokuwa kati ya miaka 40 na 59, wenye utumishi wa miaka 10 au zaidi, walipata senti 15 hivi kwa kila dola waliyostahili. Na waliobaki, takriban 2,900, hawakupata kitu. Msomaji na atazame kundi la kati. Kwa wastani walikuwa watu wa miaka 52, waliotumika miaka 23: si vijana wa kuanza upya, wala si wazee wa kuhurumiwa na kanuni. Mtu wa namna hiyo alikuwa ameketi katika mikutano ya chama, akapiga kura kukubali pensheni bora badala ya nyongeza ya mshahara, akaamini kwamba anaweka akiba. Na lililo chungu kuliko yote ni kwamba kampuni haikuvunja mkataba, kwa sababu mkataba wenyewe ulisema dhima yake haipiti kiasi kilichomo mfukoni. Wala hesabu zake hazikuwa za uongo kwa sheria za siku hizo.

Mwaka 1966 bodi ya wahasibu iliamuru kwamba gharama ya pensheni ihesabiwe kila mwaka mfanyakazi angali kazini, badala ya kungoja alipwe. Lilikuwa jambo jema, ila deni lenyewe bado halikulazimishwa kuonekana kwenye mizania. Bunge lilichukua miaka 11 tangu kufungwa kwa South Bend hata likatunga sheria ya kulinda pensheni, iliyopiganiwa sana na Seneta Jacob Javits wa New York na kutiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 2 Septemba 1974, sikukuu ya wafanyakazi wa nchi ile. Nayo ikaunda shirika la serikali la kudhamini pensheni za kampuni zinazoanguka.

Wakati huo huo, mwaka 1973, wahasibu wa Marekani walikuwa wamepata baraza jipya la kutunga kanuni, lenye makao Connecticut, na kazi zake za mwanzo zilihusu mambo mawili yaliyokuwa yamefichama kama pensheni: kesi na ukodishaji.

Juu ya kesi, baraza lilitoa kanuni yake ya 5 mwezi Machi 1975, nayo ni fupi kiasi cha kuweza kukaririwa. Ikiwa hasara yaelekea kutokea, na kiasi chake chaweza kukadiriwa kwa busara, iandikwe sasa hivi na ipunguze faida ya mwaka huu. Ikiwa kutokea kwake ni yamkini tu, ielezwe katika tanbihi. Ikiwa ni baidi, inyamaziwe. Taabu ni kwamba anayejua uzito wa kesi ni wakili, na wakili amefungwa na siri ya mteja wake. Mkaguzi wa hesabu akimwandikia kuuliza, Je, mtashindwa?, jibu lolote la kweli laweza kuangukia mikononi mwa mdai na kuwa ushahidi. Desemba 1975 mawakili na wahasibu walipatana namna ya kujibizana, na tangu hapo barua za mawakili kwa wakaguzi zimekuwa fani ya pekee katika maandishi ya biashara, fani ya kujaza kurasa mbili na kusema kwamba kwa wakati huu haiwezekani kutoa kauli.

Kanuni ile fupi ilionyesha meno yake miaka saba baadaye. Kampuni ya Johns-Manville ilikuwa mkubwa wa asbesto duniani, na vumbi la asbesto huua pole pole: mtu aliyelivuta akiwa kijana katika viwanda vya meli wakati wa vita aliugua miaka 20, 30 au 40 baadaye. Hivyo makosa ya miaka ya 1940 yalifika mahakamani miaka ya 1970, na kufikia Agosti 1982 kampuni ilikuwa inakabiliwa na kesi 16,500. Hadi hapo ilikuwa ikijitetea kwa mlango wa pili wa kanuni, kwamba hasara yaja lakini haikadiriki. Kisha ikaajiri wataalamu wa elimu ya kuenea kwa maradhi wahesabu wagonjwa waliokuwa bado hawajaja, nao wakarudi na kadirio la kesi nyingine 32,000 na gharama ya karibu dola bilioni 2. Kampuni yenyewe ilikuwa na mtaji wa dola bilioni 1.1. Mara tarakimu hiyo ilipowekwa juu ya meza, mlango wa pili ulifungika: hasara yaelekea kutokea, na sasa yakadirika, basi sharti iandikwe, na ikiandikwa, mtaji wote hutoweka na waliokopesha watadai fedha zao siku hiyo hiyo. Tarehe 26 Agosti 1982 Manville, kampuni iliyokuwa ingali inauza bidhaa na kulipa mishahara, iliomba kinga ya sheria ya ufilisi. Wengi walistaajabu, wengine wakaita hila ya kuwakimbia wagonjwa, na mimi sikatai kwamba hila ilikuwamo. Ila hakuna ajuaye jambo hili atakayekana kwamba kifungu kimoja cha uhasibu ndicho kilichoifanya kampuni ikiri hadharani kile ambacho mapafu ya watu yalikuwa yamekwisha kukisema.

Haina maana kwamba makadirio ni kitu chepesi. Mwezi Novemba 1985 baraza la raia waliokaa kama waamuzi mjini Houston liliamua kwamba Texaco iilipe Pennzoil dola bilioni 10.53 kwa kuiingilia katika ununuzi wa kampuni ya Getty. Texaco ikaingia katika ufilisi mwezi Aprili 1987, na mwisho pande mbili zikamaliza kwa dola bilioni 3. Mhasibu aliyekuwa akifunga vitabu kati ya tarakimu hizo mbili alistahili kuonewa imani.

Ukodishaji hautachukua muda wetu mwingi, kwa kuwa ndani yake mna werevu mwingi kuliko msiba. Baada ya vita wenye maduka makubwa ya Marekani walizoea kuwauzia majengo yao wenye kampuni za bima na kuyapanga siku hiyo hiyo kwa miaka 20 au 30. Fedha walizipata kana kwamba wamekopa, na deni halikuonekana popote. Mwaka 1949 wahasibu walishauri mambo hayo yatajwe katika tanbihi. Mwaka 1976 kanuni ya 13 ikaja na vipimo: mkataba ukichukua asilimia 75 au zaidi ya umri wa mali, au malipo yake yakifikia asilimia 90 ya thamani yake, basi ni ununuzi uliovaa kanzu ya upangaji, na deni liandikwe. Walichofanya mawakili na mabenki ni rahisi kukisia. Ndege inayotazamiwa kuruka miaka 20 ilikodishwa kwa miaka 14 na miezi 11, na malipo yakapangwa yaishie asilimia 89 na kitu. Kanuni iliyokusudiwa kufichua ikawa ramani ya kujifichia. Mwaka 2005 wasimamizi wa masoko ya mitaji ya Marekani walikadiria kwamba kampuni za nchi yao zilikuwa na ahadi za kodi za namna hii zipatazo dola trilioni 1.25 nje ya mizania zao. David Tweedie, Mskoti aliyeongoza bodi ya kimataifa ya kanuni za uhasibu mjini London, alikuwa akitania kwamba matamanio yake ni kupanda, kabla hajafa, ndege iliyomo katika mizania ya shirika lake la ndege. Kanuni mpya zilitoka mwaka 2016, na zile za kimataifa zikaanza kazi tarehe 1 Januari 2019: kwa mpangaji, takriban kila mkataba wa zaidi ya miezi 12 sasa ni mali upande mmoja na deni upande wa pili.

Turudi kwa wazee, kwani kwao ndiko jambo lilikofikia ukubwa wake. Mwezi Desemba 1985 baraza la Connecticut lilitoa kanuni ya 87, na hapo ndipo mtakwimu bima alipoketi kiti cha mbele. Kazi yake ni kuuliza: ahadi ya kumlipa mtu dola 1,000 baada ya miaka 20 ina uzito gani leo? Akitumia riba ya asilimia 5, ni dola 377. Akitumia asilimia 8, ni dola 215. Mzee ni yule yule, ahadi ni ile ile, na deni limepungua kwa zaidi ya theluthi moja kwa kubadili tarakimu katika jedwali. Asiyelijua hili hajui kusoma hesabu za pensheni. Tena kanuni, kwa kuwaonea haya wakurugenzi walioogopa faida zao kuyumba, iliruhusu hasara zilainishwe zigawanywe katika miaka mingi. Ni mwaka 2006 tu ndipo upungufu wote wa mfuko ulipoamriwa kukaa wazi kwenye mizania ya Marekani.

Pigo kubwa lilitoka kwenye matibabu. Kampuni zilikuwa zimeahidi kuwatibu wastaafu wao tangu zamani dawa zilipokuwa rahisi na wazee wachache, na gharama ziliandikwa kwa desturi ya kale, lipa leo andika leo. Desemba 1990 kanuni ya 106 ilisema ahadi hiyo nayo ni deni. General Motors ilipofungua daftari la mwaka 1992, iliandika kwa ajili ya kanuni hiyo hasara ya dola bilioni 20.8 kwa mkupuo, na hasara yake ya mwaka ikafika dola bilioni 23.5, kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana nchini mwake hadi siku hizo. Ford nayo iliandika dola bilioni 7.5. Hakuna hata dola moja iliyotoka benki siku ile. Kilichotoka ni pazia.

Baada ya pazia kuondoka, waajiri wengi walianza kupunguza matibabu ya wastaafu. Na Uingereza, kanuni kama hizo zilipotolewa Novemba 2000, kampuni moja baada ya nyingine ilifunga mlango wa pensheni ya mshahara wa mwisho kwa waajiriwa wapya. Wapo wanaowalaumu wahasibu kwa hayo, wakisema kanuni ziliua kilichokuwa hai. Siwaungi mkono. Ahadi iliyoweza kudumu kwa sharti la kutohesabiwa ilikuwa imekwisha kufa South Bend, na waliobaki walikuwa wakiishi bila kupewa habari ya msiba.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna South Bend yetu. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege viliacha majengo, mabehewa na madeni, na miongoni mwa madeni hayo pensheni za watumishi wa nchi tatu. Mpatanishi Victor Umbricht, Mswisi, alihangaika miaka mingi hata mkataba ukatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984, mali na madeni yakagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila serikali ikachukua jukumu la kuwalipa raia wake. Hata hivyo watumishi wa Tanzania walilazimika kwenda Mahakama Kuu, na mapatano yao na serikali yalifikiwa mwaka 2005, miaka 28 baada ya mwajiri wao kutoweka, wakati ambapo wengi walikuwa wakiwakilishwa na wajane na mayatima wao.

Kanuni za kimataifa nazo zimekwisha kuwa zetu. Kenya ilizichukua mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, na kwazo kampuni iliyoorodheshwa Nairobi au Dar es Salaam hulazimika kutoa habari za pensheni, za mikataba ya kukodi na za kesi zake kama kampuni ya London. Basi msomaji mwenye hisa, au mwenye kukatwa mshahara kwa ajili ya uzee wake, taarifa ya mwaka ikimfikia asianzie kwenye picha ya mwenyekiti. Aanzie nyuma, kwenye tanbihi. Atazame riba iliyotumiwa kupima pensheni na kama imebadilika tangu mwaka uliopita, na asome kwa makini ile aya ya kesi inayosema kwamba wakurugenzi hawatazamii hasara kubwa. Asiporidhika, asimame katika mkutano mkuu aulize, na asiketi mpaka ajibiwe.